Visigino vya Nyumba Yetu

Kabuchai, Bungoma
14 Mei 2006

Dada Sellah,

Kabla hujasikia kwa watu ukaanza kulia bure, acha nikwambie mwenyewe: nimevunjika mkono. Ni wa kushoto, si ule wa kuandikia, kwa hivyo bado nitakusumbua kwa barua. Simu nilimwachia Peris. Mimi na simu tulishindwana zamani, na mke wangu huyo hata akiwa jikoni anaongea na dunia nzima.

Usiniulize nilianguka wapi. Sikuanguka. Nilikuwa navuta ndama kwa kamba, ndama wa juzi tu, akakataa, nikavuta, mkono ukalia ka! Ndama mwenyewe alishtuka. Mzee Masengeli alikuwa pale ukutani anaota jua, akasema, "Bana, hata mimi na hii miaka yangu themanini naweza vuta huyo." Nilimwambia anyamaze. Lakini angeweza kweli. Baba yetu mkubwa huyo hajawahi kuvunjika hata kidole.

Si unajua mambo ya kwetu, wenye alama ya kivimbe kisiginoni huvunjika. Papa alivunjika bega akikubeba mabegani siku ya maonyesho ya kilimo kule Mabanga, na hukuwa mtoto mnene. Senge Rosaline, dada yake Papa, nyonga ilimvunjika akitoka tu kitandani. Marehemu Kukhu, mama yake Papa, alikuwa akisema mababu wakikupenda hukuvunjavunja ili usiende mbali nao. Fundi wa mifupa amenifunga kwa vijiti na ameagiza supu ya miguu ya ng'ombe kila siku, na uboho niunyonye wote. Dawa tamu namna hiyo sijawahi kupewa.

Sasa habari yenyewe. Derrick anatahiriwa Agosti. Fahali yuko tayari, nundu yake imelala upande kwa unene, na kama kawaida ni yetu sisi wenye alama kuila. Siku hiyo Senge Rosaline atashika visigino vya watoto wote wa nyumba. Nakwambia ukweli, kinaniuma kitu kimoja: nimemshika Derrick visigino akiwa amelala, viko laini. Mtoto wangu wa kwanza hana kivimbe. Emmy wako je? Amefika miaka kumi na mitano, huo ndio umri alama hutokea. Kama anacho, mlete apewe jina la Kukhu na ale nundu kutoka mkononi mwangu.

Kaka yako,
Mukhisa


Kibomet, Kitale
28 Mei 2006

Kaka Mukhisa,

Pole sana kwa mkono. Nimesoma barua yako nikacheka na kulia kwa pamoja, na hiyo ni kazi yako tangu tukiwa wadogo. Kang'ethe anakupa pole pia. Anasema kwao mtu mwenye mifupa dhaifu hupewa maziwa, hapewi cheo. Usimkasirikie, unajua ulimi wa shemeji yako, na siku nzima anashinda akijenga kuta za watu bila mtu wa kumtania.

Derrick amekuwa mwanaume! Nitampikia chapati mpaka akimbie.

Kuhusu Emmy usijisumbue. Visigino vyake ni laini kama vya mtoto mchanga. Nimeviangalia mwenyewe.

Lakini kaka, si uende hospitali wakupige picha ya huo mkono? Mkono wa mtu wa miaka arobaini na moja hauvunjwi na ndama. Papa alikuwa na arobaini na mbili alipoanguka kwenye miwa asiinuke tena, na Kuka, baba yake, hakufika hata hapo. Sisemi kitu. Nakuomba tu.

Dada yako,
Sellah


Kabuchai
18 Juni 2006

Dada,

Hospitali ya nini na mfupa umeshika? Fundi ametoa vijiti. Naukunja, naunyoosha, jana nimekamua ng'ombe kwa mikono yote miwili.

Kuna kitu kidogo tu kimebaki. Nikipanda kutoka mtoni, pale kwenye mteremko wa miwa, mkono huo huanza kuuma, uzito fulani kutoka begani mpaka kidole cha mwisho. Nikisimama kidogo unaniacha. Nikianza tena, nao unaanza. Kwa hivyo siku hizi nasimama, najifanya naangalia miwa ya jirani. Mzee Masengeli ananipita na fimbo yake huku akiimba. Aliniuliza, "Si ni wewe mwenye mababu? Mbona hawakusukumi?" Mzee huyo ana mdomo tangu zamani, nadhani ni uchungu wa kutopewa nundu maisha yake yote.

Fundi anasema baridi imeingia kwenye ungio la mfupa, tuongeze uboho. Tumeongeza.

Nimefurahi kusikia habari za Emmy, halafu sikufurahi. Wewe una alama, mimi nina alama, na watoto wetu wote laini? Mababu wameanza kutuacha, dada.

Mukhisa


Kibomet
25 Juni 2006

Kaka Mukhisa,

Kaa chini ndipo usome.

Nilikudanganya. Emmy ana vivimbe kwenye visigino vyote viwili, vigumu, vikubwa kuliko vyangu. Niliviona Aprili akilalamika viatu vya shule vinambana. Sikukwambia kwa sababu niliogopa ungemwita, na mimi nilipomwangalia mtoto wangu sikuona baraka. Niliona kaburi la Papa. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu na sasa umelijua.

Nimempeleka kliniki hapa mjini. Daktari anaitwa Cherop, msichana mdogo, nilipomwona nilitaka kuuliza mkubwa wake yuko wapi. Alimshika Emmy kisigino. Halafu badala ya kumwangalia mtoto akaniangalia mimi usoni. "Mama, hebu kuja hapa kwa dirisha." Akanipa kioo kidogo. "Angalia macho yako. Unaona hiyo duara?"

Kaka, niliona macho ya Papa. Lile duara la kijivu linalozunguka weusi wa jicho, lile tulilokuwa tukiambiwa ndilo lililomwezesha kuwaona waliotangulia. Liko ndani ya macho yangu na sikujua lilifika lini.

Akatutoa damu. Majibu yaliporudi alisema ni kolestro, mafuta yanayosafiri ndani ya damu. Yetu imezidi sana, na hatukuipata kwa chakula, tumezaliwa nayo. Mzazi mmoja mwenye nayo akizaa, kila mtoto ni bahati nasibu, anaweza kuipata au kuikosa. Kile kivimbe ni mafuta hayo hayo yaliyojikusanya kisiginoni. Duara la jicho pia. Na mengine yanajikusanya kwenye mishipa ya moyo, huko ambako hakuna wa kushika.

Sasa sikia kilichonifanya nisilale. Nilikuwa sijataja mkono wako. Wala bega la Papa wala nyonga ya Senge. Aliandika umri wa wafu wetu, akaweka kalamu, akauliza, "Na hawa watu wenu wa visigino, mifupa yao iko aje? Huwa inavunjika ovyo?" Mtu wa Mlima Elgon, hajawahi kukanyaga Kabuchai, alijuaje? Akasema amesoma kwamba mafuta haya na mifupa vinajuana kwa njia ambayo bado watu wanaichunguza. Kumbe kitu kimoja kimekuwa kikitembea katika nyumba yetu, jichoni, kisiginoni, moyoni, mpaka ndani ya mfupa, na sisi tukikipigia vigelegele.

Ndipo nikamsomea barua yako, pale unaposimama ukijifanya unaangalia miwa. Alisimama. "Mfupa hauulizi kama unapanda ama unashuka," alisema. "Huo mkono hauna shida. Ni moyo unaumia, uchungu unasikika kwa mkono. Mwambie aje leo, si kesho."

Njoo, kaka. Acha hiyo supu. Njoo na Peris, mlale hapa kwetu.

Sellah


Kabuchai
2 Julai 2006

Sellah,

Nimesoma. Nimemsomea na Peris, sasa amenuna, asante sana.

Papa hakuwa mgonjwa. Papa alikuwa mtu aliyepasua kuni asubuhi ile ile aliyokufa. Unataka nimwambie Senge Rosaline, ambaye ameshika visigino vya nyumba hii tangu kabla hatujazaliwa, kwamba alikuwa akishika ugonjwa? Na nundu tuliyowapa watu wetu, nundu aliyokula Papa, tulikuwa tunawaua kwa heshima? Mimi mwenyewe nilimkatia Papa kipande cha mwisho. Nilikuwa kijana, nilichagua penye mafuta mengi kwa sababu nilimpenda. Usinifanye nifikirie mambo kama hayo.

Na hata kama ni kweli, sasa ni Julai. Nikija watanilaza. Derrick asimame uani baba yake akiwa amelala kitandani mjini? Atachekwa mpaka azeeke. Baada ya Agosti nitakuja, hata unifungie huko Kibomet mwaka mzima.

Emmy nampenda vile vile. Mwambie khocha wake anasema hivyo.

Nimeandika barua hii nikipumzika katikati. Ni joto tu.

Mukhisa


Kabuchai
11 Julai 2006

Wifi Sellah,

Ni mimi Peris. Nimekupigia simu tangu asubuhi haishiki, ndiyo nampa Kinyua wa viazi hii karatasi akuletee kwa mkono maana anarudi Kitale.

Jana kaka yako ameanguka kwa miwa. Pale pale. Hakuwa anapanda, alikuwa amesimama tu. Mzee Masengeli ndiye alimwona, akamwinua na akamshikilia hivyo mpaka tukafika, huyo mzee peke yake. Bungoma wamempokea, wakasema aende Eldoret. Tunaenda sasa. Barua yako ile ya macho nimeibeba, nimewapa madaktari wasome.

Anapumua. Ameniambia nikuambie ulikuwa na haki, halafu akasema nisikuambie.

Omba.

Peris


Eldoret, wodini
23 Julai 2006

Dada yangu Sellah,

Niko hai. Ulipokuja wiki ile nilikuwa na mipira puani, hatukuongea, ulinishika tu kisigino ukalia. Sasa nimekaa, na nataka kukwambia nilichokiona, kwa sababu nikikaa nacho peke yangu nitapasuka.

Dada, nimeona ndani yangu.

Daktari alileta ile picha ya eksirei ya kifua akaitundika kwenye kioo chenye taa. Nikaona mbavu zangu na uti wa mgongo. Zilikuwa hafifu, unaona mwanga ukipita, na pingili moja ya mgongo imebonyea na sikuwahi kujua. Halafu pale karibu na moyo kulikuwa na mstari uliopinda, mweupe sana, mweupe kuliko mbavu zote. Nikauliza, "Daktari, huo ni mfupa gani?"

Akasema, "Mzee, huo si mfupa. Huo ni mshipa mkubwa unaotoka kwa moyo."

Nadhani hata yeye hajazoea kuona picha kama hiyo. Halafu akanieleza polepole. Ile chokaa inayofanya mfupa uwe mfupa imepungua pale inapotakiwa, na imekaa ndani ya mshipa pale isipotakiwa. Wanaochunguza wanadhani mafuta haya yakizidi huwachosha wale wajenzi wadogo wanaojenga mfupa kila siku, na humo mshipani huwaamsha wajenzi wengine wanaoanza kujenga kama mfupa. Hawajui yote, alisema, bado wanatafuta. Mwambie Kang'ethe kazi yake ya ujenzi iko ndani yangu: fundi ameacha nyumba ikibomoka akaenda kujenga ukuta katikati ya barabara. Nilitaka kucheka nikaona machozi yanatoka.

Fikiria, dada. Papa alibeba kitu hiki. Kuka naye. Walikiita mapenzi ya mababu kwa sababu walihisi kuna kitu kikubwa ndani yao, na kweli kilikuwepo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona. Mimi ndiye wa kwanza katika nyumba yetu kukitazama uso kwa uso. Niliogopa, lakini sikuweza kuondoa macho. Nilimwomba aniachie picha muda kidogo nikaitazama mpaka nesi akaizima taa.

Nikamwuliza habari ya nundu. Hilo swali lilikuwa limenikaba kuliko ugonjwa. Akasema hata tungekula mboga tupu damu yetu ingekuwa hivi, kwa vile tumezaliwa nayo. Nundu na uboho viliongeza kuni kwenye moto uliokuwa ukiwaka tayari. Nikapumua. Nikasema, basi hatukuwaua. Akaniangalia. Akasema, "Hamkuwaua. Lakini sasa mmejua."

Nimepewa dawa za kila siku mpaka mwisho wa maisha. Nitatoka kabla ya Derrick kutahiriwa, nimeapa.

Kaka yako,
Mukhisa


Kibomet
6 Agosti 2006

Kaka,

Mungu ni mwema. Peris amenipigia simu kwamba umefika nyumbani na umeanza kuamrisha watu ukiwa kitini. Basi umepona.

Emmy ameanza dawa zake. Anazimeza vizuri, lakini juzi ameniuliza kitu. "Mama, nikitibiwa alama, Kukhu ataniacha?" Mtoto wa fomu wani, anasoma sayansi, lakini bado anaogopa kuachwa.

Ndiyo maana nakuandikia kabla ya sherehe. Sitakuja. Najua ni aibu, senge wa Derrick kukosa siku kama hiyo. Lakini nawajua wazee wetu. Watakuletea ile sinia ya nundu mbele ya watu wote, na Senge Rosaline atamshika Emmy kisigino na kumwita kwa jina la Kukhu, na kila mtu ataangalia kama mtoto atatafuna. Wewe umeona picha yako. Wao hawajaiona. Siwezi kumweka mtoto wangu katikati ya hayo mpaka nijue wewe utasimama wapi.

Nimekutumia chapati kwa Kinyua. Mwambie Derrick asipepese jicho.

Sellah


Kabuchai
27 Agosti 2006

Dada Sellah,

Derrick hakupepesa jicho. Chapati ziliisha kabla hajafika mtoni kupakwa matope, kwa hivyo usimwulize zilikuwaje.

Sikukulaumu kwa kutokuja. Hata mimi sikujua nitasimama wapi mpaka siku yenyewe ilipofika.

Siku moja kabla, nilienda kwa Senge Rosaline kitandani kwake nikamweleza yote, picha, mshipa, mifupa, Papa. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akaitazama mikono yake. "Kwa hivyo hii mikono yangu," akasema, "imekuwa ikichagua watu wa kufa?"

Dada, sijui maneno yalitoka wapi. Nilimwambia, "Hapana, Senge. Mikono yako ilijua kabla ya hospitali." Kwa sababu ndivyo ilivyo. Cherop alisoma miaka mingapi ndipo ajue kushika kisigino? Senge alikuwa anajua tangu zamani, hakuambiwa tu kwamba alichokishika kinatibika. Mwisho akasema, "Basi kesho nibebeni mniweke mbele."

Tulimweka mbele, kwenye kiti cha Papa. Watoto wote wa nyumba wakavua viatu wakapita mmoja mmoja, na yeye akawashika kama siku zote, macho amefumba. Mwenye kivimbe alimbariki, akamwambia, "Nenda usimame na Peris." Wazee wakadhani wanapangwa kula nundu. Peris alikuwa anawapanga kwenda kupimwa damu Jumatatu, na wamekwenda. Derrick alikuja wa mwisho, akitoka mtoni, mwili wote matope. Senge akamshika kisigino hiki, akashika kile, akarudia. Halafu akapaza sauti, "Laini!" Peris akapiga vigelegele. Sijawahi kusikia vigelegele vya kisigino laini katika nyumba yetu, na mimi, niliyekuwa nalilia alama ya mtoto huyu mwezi Mei, nilimshukuru Mungu mpaka nikashika kifua. Usiogope, hakikuuma.

Baadaye wakaleta sinia. Nundu nzima, inang'aa, mafuta yanatiririka. Wakaiweka mbele yangu. Watu wakasogea, maana wote walisikia nilikuwa Eldoret na walitaka kuona. Harufu yake, dada! Nisikudanganye, mate yalinijaa.

Nilisimama, nikaibeba. Nikapita wazee wote nikaenda mpaka ukutani kwa Mzee Masengeli, ambaye alikuwa na kipande chake cha nyama ya shingo kama kila sherehe tangu azaliwe. Nikapiga goti. Nikamwambia, "Baba, hii ni yako."

Alidhani namtania. "Mimi sina alama, bana. Wacha mchezo na chakula ya watu."

"Ndiyo maana," nikamwambia.

Akaniangalia, akaangalia nundu, akaangalia watu. Halafu akakata kipande, akaweka mdomoni, akafumba macho. Mafuta yalimteremka kidevuni. Alitafuna polepole mpaka tukadhani amelala. Alipofungua macho yalikuwa yamejaa. Akasema, "Kumbe iko tamu hivi." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema, "Miaka yote nilijua mababu wamenisahau."

Hakuna aliyecheka. Senge Rosaline akaomba kiti chake kisogezwe. Wakakisogeza mpaka ukutani. Akainama kwa shida na hiyo nyonga yake, akauinua mguu wa kaka yake mkubwa, akauweka mapajani, akavua kiatu. Hajawahi kumshika, unajua, Kukhu ndiye alimshika akiwa mtoto na akampita. Akakipapasa kisigino taratibu, juu na chini, muda mrefu, na sisi sote tumesimama.

Mlete Emmy Disemba. Mwambie Kukhu hamwachi mtu, na sinia haitafika kwake.

Halafu Senge akainua uso, akamwambia yule mzee wa miaka themanini, mbele ya nyumba yote, "Laini."

Kaka yako,
Mukhisa